Mzazi Amezeeka: Nani Atamwogesha?



Ziko ndoa zilizovuka salama miaka ya nepi na karo za shule, kisha zikakwama hapa. Simu inalia jioni kutoka Masii au Mbooni: mama ameanguka tena, au baba amepotea njia akitoka sokoni. Bwana anasema, "Kesho nitamleta hapa." Bibi ananyamaza. Ndugu zangu, kinachovunja nyumba ni huko kunyamaza, si kuja kwa mama.

Ninazifikiria hasa familia zilizojenga Lukenya, chini ya kilima, kando ya barabara ya Mombasa. Mahali palipokuwa malisho ya ng'ombe leo ni ploti, nyumba za mawe na kuta. Bwana anaamka alfajiri kuwahi kazi Athi River au Nairobi, bibi vilevile, watoto wako shuleni. Mzee aliyezoea kukaa chini ya mwembe akisalimiwa na kila mpita njia anafungiwa ndani ya geti tangu asubuhi mpaka usiku, yeye na msichana wa kazi na televisheni. Tunaita hayo matunzo. Mara nyingine ni kifungo chenye chai ya maziwa.

Amri ya Nne haikuandikwa kwa ajili ya watoto wadogo peke yao. Katekisimu ya Kanisa, namba 2218, inawakumbusha watoto waliokwisha kuwa watu wazima kwamba wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao kwa mali na kwa moyo wakati wa uzee, ugonjwa na upweke. Yoshua bin Sira naye, katika mlango wa 3, anafika hata mahali ambapo wengi wetu hatupendi kufika: anataja baba ambaye akili zake zimepungua, na anatuagiza tumvumilie tusimdharau kwa sababu sisi bado tuna nguvu. Wajibu basi upo. Swali ni namna ya kuutimiza bila kuiharibu ndoa, ambayo nayo ni sakramenti.

Nawasihi, kwanza mpimeni mzee, kisha ndipo mwamue. Wengi huamua kwanza, kwa machozi ya simu, halafu hugundua baadaye walichokibeba. Mwaka 1963 daktari Mmarekani, Sidney Katz, pamoja na wenzake walichapisha kipimo ambacho kinatumika mpaka leo. Hakihitaji mashine. Kinauliza mambo sita tu. Je, anaoga mwenyewe? Anavaa mwenyewe? Anakwenda chooni na kujisafisha? Anatoka kitandani hadi kitini? Anaweza kuzuia haja ndogo na kubwa? Anapeleka chakula mdomoni? Kila "hapana" ni kazi ya mtu fulani, kwa saa fulani. Andikeni kwenye karatasi. Anayeshindwa kuoga tu anahitaji mtu kwa muda mfupi asubuhi. Anayeshindwa kutoka kitandani anahitaji mtu usiku na mchana, na mtu huyo amgeuze kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya mgongoni. Hali hizo mbili hazifanani hata kidogo, ingawa kwenye simu zote huitwa "mama hajiwezi."

Msiende kumpima siku ya Krismasi, maana Krismasi kila mzazi ni mzima. Nendeni wote wawili siku ya kawaida, mkalale usiku mmoja au miwili. Hesabuni vidonge vya presha vilivyobaki, mlinganishe na tarehe aliyopewa. Tazameni sufuria kama zimeungua. Amepungua mwili? Kabla ya kusema ni huzuni ya ujane, chungulieni meno yake: pengine muthokoi imemshinda kutafuna, naye anaona haya kusema. Muulizeni kama anaona vizuri, kwa sababu mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mdogo, na wapo wazee wanaoitwa "wamechanganyikiwa" kumbe hawaoni au hawasikii tu. Mwambieni aketi kitini, ainuke, atembee mita tatu, ageuke, arudi aketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yumo katika hatari ya kuanguka. Kisha fuateni njia anayopita usiku kwenda choo cha shimo, bila taa, kama anavyopita yeye. Pengine kinachohitajika si kumhamisha, ila taa ya sola, mshiko wa mbao ukutani na kiti chenye tundu ili asichuchumae.

Jambo moja lisingoje karatasi yoyote. Mzee aliyekuwa na akili timamu Jumapili akianza kuweweseka Jumatano, huo si uzee wala si uchawi. Mara nyingi ni ugonjwa: malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, au dawa zisizopatana. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mkishapima, mwulizeni mwenyewe anataka nini. Ajabu ni jinsi watu wanavyosahau hatua hii. Vikao hufanywa sebuleni, wana na wake zao wakijadiliana, naye mwenye mwili yuko jikoni anasikiliza kama mtuhumiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya kiasi kutoka kwa familia na Serikali. Lakini inataja pia haki yao ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Mama akisema anataka kubaki karibu na kaburi la mumewe, huo si ukaidi. Kumlipa binti wa jirani alale naye, na ninyi mkafika kila Jumamosi, kwaweza kuwa tunzo bora kuliko chumba cha vigae Lukenya.

Sasa tuje kwenye lile linalowanyima watu usingizi. Anayehitaji kuja ni mama wa nani?

Wakamba wana neno, nthoni, yaani ile heshima yenye haya kati ya mkwe na mkwe. Kwa desturi mama mzaa bibi halali chini ya paa moja na mume wa binti yake, wala hapendi kukutana naye akielekea bafuni. Makabila mengi ya kwetu yana jambo kama hilo. Wako wanaosema Mkristo amekwisha vuka hayo. Mimi sisemi hivyo. Haya ya mzee ni sehemu ya utu wake, na anayemvua haya hiyo kwa nguvu hamtunzi. Lakini, enyi akina baba, msifanye nthoni kuwa kisingizio. Nimesikia wanaume wakitamka neno hilo kwa uchaji mkubwa pale tu inapotajwa gharama ya mama mkwe. Kama ploti inatosha banda la kuku na nafasi ya kuegesha gari, inatosha chumba kimoja chenye mlango wake na choo chake. Hapo mama atalala bila kuvunja mwiko wake, na binti yake atamfikia usiku.

Someni kitabu cha Tobiti mpaka mwisho, msiishie kwenye sala ya usiku wa arusi. Tobia alimponya baba yake upofu, akamtunza, akawazika wazazi wake wote wawili. Halafu akafanya jambo ambalo wengi wetu tungeliona aibu: alifunga mizigo, akaenda na Sara mkewe Ekbatana, ukweni, akawatunza wakwe zake katika uzee wao kwa heshima, akawazika nao. Kwa Tobia hakukuwa na wazazi wa daraja la kwanza na wa daraja la pili.

Na kuoga? Mkirudi kwenye ile karatasi, mtaona kwamba kazi karibu zote zimeangukia jina moja, la bibi. Baba wa bwana amelala chumba cha pembeni, ameshindwa kujisafisha, na mwanawe anatoka asubuhi akisema, "Mwangalie mzee." Huyo mwanamke anadaiwa amwogeshe baba mkwe wake, jambo linalomwaibisha yeye na kumwaibisha mzee zaidi. Bwana, huyo ni baba yako. Amka mapema, chukua beseni, maji ya vuguvugu na sabuni, umwogeshe wewe. Usipokuwapo, atafutwe kijana wa kiume wa ukoo au mfanyakazi wa kiume. Bwana wetu aliwaosha wanafunzi wake miguu mbele ya wote, wala hakumtuma mtu.

Juu ya fedha nitasema kidogo. Kutuma pesa kwa siri kwa upande wenu ni wizi ndani ya ndoa, hata zikiwa za dawa. Wekeni fungu la wazazi waziwazi, na ndugu wengine wachangie. Yule aliye mbali asitume maagizo matupu huku aliye karibu akibeba ndoo. Mzazi wa miaka 70 na zaidi aandikishwe Inua Jamii, ambayo ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na pesa hizo ziwe zake. Namba yake ya siri ya simu si mali ya wajukuu. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, hakikisheni mzee ameandikishwa kwa jina lake mwenyewe kabla hajaugua. Naye anayechanga kwa fahari kwenye harambee ya kanisa huku mama yake akikosa nepi, asome Marko mlango wa 7, Yesu alivyowakemea waliotumia sadaka kukwepa wazazi.

Mtunzaji naye huchoka, na uchovu huzaa maneno makali, mara nyingine hata kofi. Bibi anayeuguza apate siku yake moja kila juma ya kutoka, bila kuulizwa anakwenda wapi. Jumuiya Ndogo Ndogo isije kusali rozari tu na kunywa chai. Mmoja wao akae na mzee saa tatu, hiyo nayo ni sala. Chumba chenu cha kulala kibaki chenu.

Ikifika mahali hamuwezi kabisa, msijihukumu. Mwaka 1839 huko Ufaransa, Mtakatifu Jeanne Jugan alimpokea bibi kizee kipofu akampa kitanda chake mwenyewe. Kutokana na tendo hilo likaja shirika la masista ambao leo wanatunza wazee pale Nyumba ya Wazee, Kasarani, Nairobi. Kumpeleka mzee asiye na mtu mahali kama hapo si dhambi. Kumpeleka mwenye watoto saba kisha kutomtembelea, hilo ni jambo jingine.

Mwisho, msingoje mzee akate roho ndipo mumwite padre. Mpako wa Wagonjwa ni kwa yeyote aliyeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee, na waweza kurudiwa hali ikizidi. Mzee mwenye kisukari asilazimishwe kufunga Jumatano ya Majivu. Kanisa lenyewe halimdai mfungo aliyetimiza miaka 59. Mwambieni katekista wenu mapema, kabla ya Ijumaa ya Kwanza, ili Ekaristi ifike nyumbani. Mwelezeni vizuri njia ya kuingilia, maana huko Lukenya geti zote zinafanana, na mzee awe amekwisha ogeshwa.