Kwanza Kuleni

Somo: Matendo ya Mitume 27:33–38



Safari ya Paulo kwenda Rumi inasimuliwa na mtu aliyelowa yeye mwenyewe. Luka analikumbuka jina la upepo, Eurakilo. Anazikumbuka siku ambazo jua wala nyota havikuonekana. Anakumbuka mabaharia walivyoanza kutupa shehena baharini, na walivyofikia kutupa hata vyombo vya merikebu kwa mikono yao. Hadi alfajiri ya siku ya kumi na nne, watu 276 walikuwa hawajatia kitu cha maana tumboni. Hapo ndipo Paulo, mfungwa anayepelekwa kwa Kaisari, anapowasemesha. Tungetegemea ahubiri, lakini yeye anawasihi wale. Anawaambia kwamba chakula hicho kitawasaidia kuokoka, na kwamba hakuna atakayepotewa na unywele hata mmoja. Kisha anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega na kuanza kula. Wenzake wakachangamka, nao wakala.

Chakula na unywele katika kauli moja. Juma hili naomba tulisome somo hili pamoja na ndugu zetu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ambao miezi michache baadaye wanakuta nywele zao kwenye mto, kwenye chanuo na kwenye tundu la maji bafuni. Tunao humu kanisani, wengi kuliko wanaosema. Zamani wenye uwezo walipanda ndege kwenda India. Siku hizi huduma hii ipo Nairobi na Dar es Salaam, na pale Mloganzila wapo pia wanaowekewa puto tumboni bila kupasuliwa. Wengi wao hawakufuata urembo. Walifuata sukari isiyoshuka, presha, magoti yaliyogoma kupanda ngazi, pumzi inayokatika usingizini.

Dada mmoja wa kwaya ameniruhusu nisimulie yake. Tamasha la kwaya lilikuwa linakaribia, na kina mama walikuwa wamekubaliana wasuke msuko mmoja ili wapendeze na sare. Yeye alikuwa katika mwezi wa nne tangu apasuliwe. Msusi alipoanza kugawa mistari, chanuo likatoka na shungi zima la nywele. Msusi akasimama. Akazikusanya zile nywele ndani ya taulo, akalikunja haraka ili wateja wengine wasione, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Dada, unaumwa?" Akajibu kwamba ni mawazo tu. Akalipa, akajifunga mtandio, na siku ya tamasha akakaa benchi la nyuma akisema koo linamuuma. Wakati huohuo sukari yake ilikuwa imeshuka hadi daktari akampunguzia dawa. Sketi ya sare ilibidi ipunguzwe mara ya pili. Alikuwa anapona na alikuwa analia, yote mawili kwa pamoja, na hakujua kama anaruhusiwa kulia.

Kwanza tuelewe kinachotokea, maana hofu nyingi hutoka katika kutojua. Unywele hukua kwa miaka miwili hadi sita, halafu shina lake hupumzika kwa kiasi cha miezi mitatu. Unywele wa zamani huanguka na mpya huota. Kwa kuwa mashina hayapumziki kwa wakati mmoja, kila mmoja wetu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku wala hana habari. Mwili ukipata mshtuko mkubwa, kama upasuaji, homa kali, kujifungua, au kupungua kilo nyingi kwa muda mfupi, mashina mengi huingia mapumzikoni kwa mkupuo. Mwili hufanya kama wale mabaharia: huachia kinachoweza kuachiwa ili kuokoa uhai. Moyo, ubongo na kidonda kinachopona hupewa kwanza, nywele zitasubiri.

Ndiyo sababu nywele hazitoki wiki ya upasuaji. Hutoka mwezi wa tatu au wa nne, mtu akidhani magumu yamekwisha. Kina mama wengi wanaifahamu hali hii, kwa sababu huwapata miezi michache baada ya kujifungua. Mashina yenyewe hayajafa. Kwa walio wengi, kunyonyoka hupungua baada ya miezi sita hivi, nywele mpya huchomoza, na hukua karibu sentimita moja kwa mwezi. Fanya hesabu mwenyewe: atakayezitaka zifike mabegani atahitaji miaka miwili na zaidi, na uvumilivu wa aina hiyo haupatikani bila watu wa kukushika mkono.

Sasa turudi kwa Paulo na mkate wake. Kuna upasuaji unaoondoa takribani robo tatu ya mfuko wa tumbo au zaidi, na kinachobaki hujaa kwa nusu kikombe cha chakula. Hata hivyo wataalamu wa lishe huwataka watu hawa wapate walau gramu 60 za protini kwa siku, na yai moja la kuchemsha lina gramu sita hivi. Nimemwona dada yule akila yai lake. Hulikata vipande vinne, hutafuna kimoja mpaka kilainike kabisa, huweka uma chini, husubiri, ndipo huchukua cha pili. Yai moja, karibu nusu saa. Mezani kwake kitoweo hutangulia: samaki, kuku, maharage, mtindi. Ugali hupewa nafasi ikibaki, na mara nyingi haibaki. Maji hayaguswi mpaka muda upite.

Kwa sisi tuliolelewa tukiambiwa kwamba bila ugali hujala, hali hiyo inatushangaza. Naomba tusiifanye mzigo kwa mwenzetu. Mgeni kama huyo akija kwako, usimjazie sahani ya wali halafu umuulize mbona anadonoadonoa, au kama chakula chako hakimfai. Mpe kipande cha samaki, mwache ale kwa mwendo wake. Huo ni ukarimu uleule wa Kiafrika, umepimwa kwa tumbo la mgeni badala ya tumbo la mwenyeji.

Na wewe uliyepasuliwa, kula ni utii wako wa sasa. Vidonge vya vitamini ulivyoandikiwa ni vya kudumu. Usiviache kwa kuwa unajisikia vizuri. Upungufu wa madini ya chuma, zinki au protini huzidisha kunyonyoka kwa nywele, na upungufu wa vitamini B12 unaweza kudhuru damu na mishipa ya fahamu. Usimeze vidonge vya chuma pamoja na chai, kwa kuwa chai huzuia chuma kufyonzwa, na uvitenganishe na vile vya kalsiamu kwa saa mbili. Usijiongezee zinki kwa kubahatisha, kwani ikizidi hupunguza shaba mwilini. Biotini inayouzwa sana kwa ajili ya nywele haijaonyesha kuwasaidia wasio na upungufu wake. Tena mwaka 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kwamba inaweza kuvuruga majibu ya vipimo vya maabara, vikiwemo vya moyo. Ukienda kupimwa damu, mwambie mhudumu unatumia nini.

Misuko ya kubana, rasta nzito na dawa za kulainisha nywele ziweke kando kwa sasa, kwa maana zinavuta na kuunguza mashina yaliyokwisha kuchoka. Ukiona kunyonyoka kunaendelea baada ya mwaka, au kunaanza upya ukiwa umekwisha kutulia, au kichwa kinatoka mabaka, rudi kliniki ukapimwe. Na kama unatapika bila kukoma, au unapata ganzi miguuni, nenda siku hiyohiyo, usisubiri ibada ya Jumapili.

Hapa nina neno kwa wanaofunga. Najua mtu akipatwa na jambo, huanza kwa kufunga. Najua pia makundi ya maombi yanayotangaza mfungo wa siku nyingi na kumwona asiyefunga kuwa hana mzigo na kazi ya Mungu. Wapendwa, angalieni tena somo letu. Watu wa merikebu ile walikuwa wamekaa na njaa siku kumi na nne, na mtumishi wa Mungu hakuwaongezea ya kumi na tano. Aliwavunjia njaa yao kwa sala ya shukrani. Aliyepasuliwa tumbo asifunge chakula bila daktari wake kuridhia, na asiulizweulizwe mbele za watu. Mpangieni zamu ya maombi, mpeni zaburi ya kusoma usiku; sahani yake iacheni. Na yeyote anayemuuzia chupa ya mafuta kwa madai kwamba pepo ndiye anayenyonyoa nywele zake, anafanya biashara juu ya machozi ya mtu.

Neno la pili ni la ndimi zetu. Kwetu mtu akikonda haraka, mtaa una jibu tayari. Wenye umri wangu tulijifunza kuzisoma sura za watu miaka ya themanini na tisini: mashavu yakibonyea na nywele zikiwa nyepesi, basi kakanyaga waya. Maneno yale yalikuwa dhambi dhidi ya wenye virusi vya UKIMWI wakati ule, na ni dhambi leo. Yamemfanya dada wa kwaya aseme koo linamuuma, na yamemfanya mwingine aseme anakwenda likizo kijijini kumbe anakwenda kulazwa. Akisema kweli, yupo wa kumwambia alitafuta njia ya mkato, mbona wengine wanakimbia asubuhi na kuacha soda. Akinyamaza, anazikwa akiwa hai. Kama hujui la kusema, sema umefurahi kumwona, kisha uliza habari za watoto.

Wengine humkumbusha mwanamke anayenyonyoka nywele Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11, Paulo anapotaja nywele ndefu za mwanamke kuwa fahari yake. Paulo pale alikuwa anapanga utaratibu wa ibada kwa kanisa la Korintho. Hakuwa anawahukumu wagonjwa. Dada, kata nywele ziwe fupi ukitaka. Vaa wigi, funga kilemba, au njoo kichwa wazi. Kwaya nayo inaweza kuamua kwamba mwaka huu sare ni vilemba kwa wote, na asitajwe mtu kuwa ndiye sababu. Hilo ni jambo la dakika tano katika kikao cha mazoezi.

Bado kuna swali ambalo mtu makini ataliuliza. Paulo aliahidi kwamba hakuna unywele utakaopotea. Sasa mbona huyu anapoteza nywele kwa mashungi? Tujibu kwa haki. Ilikuwa namna ya kusema katika Israeli. Watu walisema hivyohivyo walipomtetea Yonathani asiuawe na baba yake Sauli, wakimaanisha kwamba atabaki salama mzima. Sidhani Paulo alipofika Melita aliwapanga watu mstari akague vichwa. Alichoahidi ni uhai wao, na alikuwa amewaonya mapema kwamba merikebu itapotea.

Nayo ilipotea. Waliposhiba waliipunguzia uzito kwa kuitupa ngano baharini. Asubuhi ikakwama, tezi likavunjwa na mawimbi. Wenye kujua kuogelea wakaogelea, wengine wakashika mbao na vipande vya merikebu, na wote wakafika pwani. Luka haandiki kwamba mwenye shehena aliambiwa aache kusikitika kwa kuwa yu hai. Wokovu ulikuja pamoja na hasara, na Maandiko yameviandika vyote viwili bila kufuta kimoja kwa ajili ya kingine. Kwa hiyo mwenye nywele zinazotoka asiambiwe kwamba ni nywele tu. Bwana mwenyewe alisema, katika Luka 12:7, kwamba nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa zote. Aliyezihesabu anajua zimepungua ngapi tangu jana, na hahesabu kitu kisicho na maana kwake. Lia mbele zake bila aibu. Na ukimaliza kulia, kula, kwa sababu anayezijua nywele zako anautaka uhai wako zaidi.

Juma hili tufanye mambo matatu. Aliyepasuliwa amwambie ukweli mtu mmoja anayemwamini, ale protini yake kabla ya kitu kingine, na asiikose kliniki. Mume, mke au mzazi wake akae naye mezani ile nusu saa ya yai moja, simu ikiwa imezimwa. Sisi wengine tuzichunge ndimi zetu tunapowaona waliokonda.

Tuombe.

Mungu wetu, uliyemtuma mtumishi wako kuwalisha watu waliokata tamaa, tunakushukuru kwa mikono ya madaktari na wauguzi, na kwa miili iliyopata nafuu. Wakumbuke wanaochana nywele zao leo kwa hofu. Wape hamu ya kula na tumbo la kupokea, wape uvumilivu wa miezi inayokuja, na marafiki wasiouliza maswali ya kuumiza. Tusamehe kwa kila mtu tuliyemhukumu kwa wembamba wake, na kwa kila tuliyemcheka kwa unene wake kabla ya hapo. Utufikishe sote pwani, kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.