Je, Ni Haki Kuifurahia Chai?

Labda mtastaajabu kwamba tumeshika kalamu kuandika habari za kitu kidogo kama chai ya rangi, inywewayo nyumbani siku zote pasipo maziwa. Walakini moyo wa mtu hujulikana zaidi katika vitu vidogo kuliko katika vikubwa. Maana katika vikubwa twajilinda, na katika vidogo twajisahau.

Jua likisha kutua na jembe likisha kuwekwa, maji huchemka mekoni. Majani hutiwa, maji hugeuka rangi, na harufu huenea nyumba nzima. Mtu hupokea kikombe chake, na kipande cha muhogo wa kuchemsha kando, na uchovu wa mchana humwondokea. Hiyo ni raha ya kweli. Basi swali letu ndilo hili: je, ni haki kwa Mkristo kuifurahia raha hiyo, naye ajua ya kuwa wako wenye dhiki?

Watu hutoa majibu mawili. Wa kwanza husema, "Chai haishibishi. Fedha ya majani na sukari yafaa kutiwa katika sadaka. Tena moyo ukizoea vitamu hulegea." Wa pili husema, "Nimelima kwa jasho langu, nimenunua kwa fedha yangu. Kikombe ni changu, nani ataniuliza?"

Tuanze na huyu wa pili. Je, kikombe ni chake kweli? Mchai haukuwa mmea wa nchi zetu. Asili yake ni pande za China na mipaka yake. Huko Limuru, katika Kenya, ulipandwa mara ya kwanza mwaka 1903, na huko Amani, katika milima ya Usambara, Wadachi waliupanda karibu na wakati huo huo. Mchumaji huchuma majani mawili na kichipukizi kimoja, tena na tena, na kilo moja ya chai kavu hutaka kilo nne au tano za majani mabichi. Kisha majani hunyaushwa, hukatwakatwa au kusokotwa, huachwa yapate hewa mpaka yawe na rangi ya shaba, ndipo hukaushwa kwa moto. Sukari nayo ina wakataji wake. Basi mtu asemaye "changu" ameshika mkononi kazi ya watu wengi asiowajua hata majina.

Je, tumfuate yule wa kwanza, tuache kabisa? Twamkumbuka mfalme Daudi, alipotamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na mashujaa watatu wakapita katikati ya adui wakamletea. Daudi hakuyanywa, aliyamimina mbele za Bwana, kwa kuwa aliona ndani yake damu ya wale watu. Alitenda vema. Lakini maji yale yaliletwa kwa hatari ya roho za watu, kwa ajili ya tamaa ya mtu mmoja. Mchumaji wa chai hutaka ijara yake, wala hafaidiwi na kikombe kilichomwagwa. Tena Bwana wetu mwenyewe aliketi karamuni na watu, hata adui zake wakamwita mlafi. Angalichukia raha ya meza, asingaliketi.

Nasi na tuungame neno letu wenyewe. Jioni moja tulikuwa na sukari ya vikombe viwili tu. Tukasikia hodi, ilikuwa sauti ya mzee jirani yetu. Kabla ya kuitikia karibu, mkono ulikwisha kuisukuma birika nyuma ya kapu. Mzee akaketi, akataja habari za mvua, akanyamaza kidogo, akaaga akaenda zake. Tulipoitoa birika, chai ilikuwa ingali moto, na sukari ilikuwa ile ile. Lakini utamu haukuwamo. Baadaye tulipata habari ya kuwa mkewe alikuwa mgonjwa sana, naye alikuja kutafuta mtu wa kuzungumza naye tu. Harufu ya chai haifichwi kwa kapu. Bila shaka aliisikia, akafahamu, akayarudisha maneno yake moyoni.

Tangu siku ile tumelifikiri sana jambo hili, nasi twaona hivi. Kosa letu halikuwa kuipenda chai, bali kuiogopea. Raha iliyo halali hupokewa kwa shukrani, nayo huufungua mkono. Raha iliyoharibika huufumba mkono, kisha huondoka yenyewe. Mtu akitaka kujua kikombe chake ni cha namna gani, na ajiulize: akitokea sasa mchumaji wa majani haya, au jirani yangu mwenye huzuni, je, nitamsogezea kiti, ama nitatafuta kapu? Na baba anywaye chai tamu huku daftari la mtoto halijanunuliwa, naye ajiulize vivyo hivyo.

Wazee wetu walisema, kizuri kula na nduguyo. Basi, ndugu, kunyweni chai yenu kwa furaha, mkimshukuru Mungu. Na sukari ikiwa ya vikombe viwili, nanyi mko watatu, ongezeni maji. Chai itakuwa nyepesi, walakini moyo hautakuwa mzito.