Walima na Taka Zake

Ndugu zetu Waislamu, Mtume (s.a.w.) alipomwoa Bibi Safiyya, wakiwa njiani kutoka Khaybar mwaka wa 7 wa Hijra, karamu yake haikuwa na mkate wala nyama. Anas bin Malik amepokea kwamba zilitandikwa ngozi, zikawekwa tende, samli na maziwa yaliyogandishwa na kukaushwa, na watu wakala.

Wazee wetu nao walikula pilau watu wanne sinia moja, na masinia hayo mtaa mzima ukiazimana. Leo kila mgeni ana sahani yake ya plastiki, kijiko chake na chupa yake ya maji. Wali nusu hubaki, ukafungwa pamoja na taka hata mbuzi asiufaidi. Mvua ikinyesha, mitaro huvichukua vyote hadi baharini, kwa samaki wale wale tuwalao.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 28 Agosti 2017. Chupa hazikuguswa na amri ile. Je, twangoja askari atufunze jambo tulilokwisha katazwa katika Suratul-Israa? (Wenye kukopa ili wapate cha kutupa, hao tutawasema siku nyingine.)

Wala hatujitoi lawamani. Tulipomwoza binti yetu wa kwanza tuliyaona hayo tukanyamaza, kwa kuwastahi wakwe kuliko kumcha Mola. Asubuhi yake maskini wa jirani walikuwa wakichagua nyama jaani.

Wa pili ataolewa baada ya Idi, inshallah. Masinia tumekwisha kuyaazima.