Swali Lenye Jibu na Swali Lisilo na Jibu

Watoto wakikutana barazani jioni, mmoja husema, "Kitendawili!" na wenzake huitikia, "Tega!" Wakishindwa humpa mji, naye akiisha kuupokea huwafumbulia. Hivyo tulijifunza tangu utoto ya kuwa kila swali lina mtu alijuaye jibu lake, na ya kuwa asiyejua hupotewa na mji mmoja tu. Lakini sisi tulio watu wazima twajua ya kuwa sivyo siku zote.

Tena liko swali ambalo mwenye kuuliza hangoji jibu. Watu wa pwani husema, "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Hapo hapana aulizaye habari za pilipili, mtu aambiwa asijitie katika mambo ya wenzake. Swali la namna hii laweza kuwa hekima, tena laweza kuwa komeo la kufungia mlango. Kaini alipoulizwa habari za ndugu yake, naye aliuliza kama yeye ni mlinzi wake. Hakutaka kujua neno. Alitaka asiulizwe tena.

Na tutazame mambo yaliyotupata katika mji wetu. Tarehe 29 Aprili 2009, siku ya Jumatano, ghala la silaha za jeshi lililipuka huko Mbagala, upande wa Temeke. Watu zaidi ya 20 walikufa, nyumba nyingi zikabomoka, na watoto wakapoteana na wazazi wao katika kukimbia. Hata kabla haijatimia miaka 2, usiku wa tarehe 16 Februari 2011, yakatokea mambo kama yayo hayo huko Gongo la Mboto, wakafa tena watu zaidi ya 20, na maelfu wakayakimbia makao yao.

Katika misiba kama hiyo watu huuliza maswali mawili. La kwanza: "Kwa nini ghala la mabomu na nyumba za watu vilikaribiana hivi?" La pili: "Kwa nini mtoto wangu, wala si mwingine?" Yote mawili huanza kwa maneno mamoja, lakini yametengana kama mbingu na nchi.

Swali la kwanza lina jibu. Walijua wanaotunza maghala, walijua wanaopima viwanja na wanaoviuza, hata na sisi tununuao kiwanja pasipo kuuliza ng'ambo ya ua kuna nini. Basi mtu akijibu swali hilo kwa kusema, "Ni mapenzi ya Mungu, nani ajuaye?" amefanya kama Kaini. Amelivika swali lenye jibu vazi la swali lisilo na jibu, nalo jina la Mungu amelifanya komeo. Kuliuliza swali hilo kwa upole na pasipo kuchoka si ukosefu wa imani. Ni kumpenda jirani ambaye hajafa bado.

Lakini swali la pili hapana mtu awezaye kulijibu. Nyumba mbili zaweza kuwa na ukuta mmoja, kombora likaangukia moja. Hapo ndipo wengi huharakisha kusema: "Walikuwa na dhambi," au, "Wamerogwa," au, "Mungu aliwapenda kuliko sisi." Bwana Yesu, katika Injili ya Luka, alitaja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama walikuwa wabaya kuliko wengine wa Yerusalemu, naye mwenyewe akajibu kwamba sivyo. Aliwaita wasikiaji watubu, lakini hakueleza kwa nini mnara uliwaangukia hao. Nao rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7 pasipo kusema neno, na hiyo ndiyo kazi njema waliyomtendea. Kosa lao lilianza walipofungua vinywa kueleza.

Labda mwalimu atasema, "Nikinyamaza, watu hawatanidhania sijui kitu?" Na wadhanie. Mama aliyefiwa haulizi ili afundishwe. Auliza asiachwe peke yake. Jibu lake ni yule atekaye maji, achimbaye kaburi, alalaye matangani, na kurudi hata baada ya siku ya arobaini, wakati wengine wamekwisha kusahau. Hapo twatoa mji, wala hatufumbuliwi, nasi twakaa.

Basi, waalimu na wazee wa kanisa, mkiingia nyumba yenye msiba, pimeni kwanza swali mnalolisikia. Ikiwa yuko mtu duniani awezaye kulijibu, mwendeeni mtu huyo, wala msimsumbue Mungu kwa kazi ya wanadamu. Ikiwa hayuko, ketini chini pamoja na wafiwa.