Haya Katika Mwendo, Mkao na Salamu

Mtu anapoingia katika Islam, jambo la kwanza ambalo jirani zake hulitambua si itikadi yake. Hawawezi kuona ya kwamba ameacha kuamini Utatu, kwa kuwa imani imo moyoni. Waonacho ni namna asimamavyo, avaavyo, aketivyo na asalimuvyo. Na aliyeingia akiwa mwanamke, macho ya kijiji kizima humfuata. Katika Sumbawanga na vijiji vya uwanda wa juu wa Ufipa, ambako Waislamu ni wachache kati ya Wakristo wengi, na ambako Mapadre Weupe wamekuwa jirani tangu walipoichukua Karema mwaka 1885, jambo hili si dogo hata kidogo.

Chukueni mfano. Binti aliyesilimu anakwenda kumwamkia baba mkwe wake. Desturi yataka achutame au apige goti, pengine akipiga makofi taratibu, ndipo atoe maamkizi. Afanyeje? Akipiga goti, huenda aliyemfundisha dini akamwambia kwamba amempa mwanadamu heshima ya Mungu. Asipopiga, mkwewe atasema, "Dini hii imemfundisha mwanangu kiburi." Ndoa zimevunjika kwa mambo madogo kuliko hili, na watu wengi waliokuwa wakiichunguza Islam kwa moyo safi wamerudi nyuma kwa kuwa waliona jeuri mahali walipotarajia kuona utawa.

Hadithi mbili zatupa mwanga. Ya kwanza ni ya Muadh bin Jabal (r.a.), ambaye aliporudi kutoka Sham alimsujudia Mtukufu Mtume (s.a.w.), kwa kuwa huko aliwaona watu wakiwasujudia maaskofu wao, naye akaona kwamba Mtume astahili zaidi. Mtume alimkataza. Ya pili ni kwamba Mtume aliulizwa kama mtu ainame mbele ya ndugu yake anapokutana naye, akajibu hapana; akaulizwa kama ampe mkono, akajibu ndiyo. Basi kukunja mgongo kama arukuuye, au kushusha paji la uso kuelekea ardhini, hakuna njia, awe ni mkwe, mtemi, padre au shehe.

Lakini je, kuchutama kwa yule binti ni rukuu? Sisi hatuoni hivyo. Mzee ameketi kwenye kigoda au kwenye mkeka, na aliye kijana hushuka ili asiseme naye akiwa juu ya utosi wake. Mgongo umenyooka, uso u mbele, na kinywa chatoa salamu ya amani. Hiyo ni adabu ya kuketi, si ibada. Mwenye shaka bado na aketi kabisa chini, kisha asalimu. Hakuna mzee wa Kifipa atakayeliona hilo kuwa ni tusi. Tena desturi hiyo ya wazee ina faida moja ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni kwamba mwenye kuamkia kwa makofi hana haja ya kushikana mkono na mtu asiye maharimu wake. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kwamba Mtume alipopokea baiati za wanawake alizipokea kwa maneno tu, wala mkono wake haukugusa mkono wa mwanamke asiye wake. Basi katika ofisi au sokoni, mwanamume anyooshapo mkono, mwanamke atangulie kwa salamu na uso mkunjufu huku ameweka mkono wake kifuani. Kuukwepa mkono wa mtu kwa kununa, kana kwamba una najisi, si haya bali ni ukosefu wa adabu.

Ama kuhusu mke kumpigia goti mumewe anapompelekea maji au chakula, tuseme wazi. Mke akifanya kwa mapenzi na kwa mazoea ya kwao, ni wema wake. Mume akidai kwa nguvu, amedai asichopewa. Wanaume hupenda sana kuitaja sehemu ya pili ya hadithi ile ya Muadh, kwamba kama angemwamuru mtu amsujudie mtu, angemwamuru mke amsujudie mumewe. Husahau ya kwamba hakuamuru. Na huyo aliyeyasema hayo, Bibi Aisha alipoulizwa afanya nini awapo nyumbani, alijibu kwamba huwasaidia watu wa nyumbani mwake kazi zao.

Pengine msomaji atauliza, kwa nini kusumbuka na mwili ikiwa Mungu huangalia moyo? Swali hili lilijibiwa vizuri na Masihi Aliyeahidiwa (a.s.) katika hotuba yake iliyosomwa katika mkutano mkuu wa dini mjini Lahore mnamo Desemba 1896. Humo ameonyesha kwamba mwili na roho vimefungamana, kiasi kwamba tendo la mwili huacha alama rohoni. Mtu akijilazimisha kulia, hata kwa kujisingizia, moyo wake huanza kulainika. Na atembeaye kifua mbele na kichwa juu, kiburi humwingia taratibu ijapokuwa hakuanza nacho. Kwa hiyo mwendo wa mtu hufichua moyo wake, na papo hapo huutengeneza. Hapo ndipo ilipo siri ya Kurani Tukufu kushughulika na mambo ambayo wengi huyaona madogo, kama sauti, macho na nyayo.

Angalieni utaratibu wake. Katika Sura Nur, amri ya kuinamisha macho imetolewa kwanza kwa wanaume (24:31), ndipo ikaja kwa wanawake (24:32). Vijana wakaao kando ya njia ya sokoni na kuwapigia mbinja wasichana, kisha wakalalamika kwamba wasichana wa siku hizi hawana haya, na waisome aya ya kwanza kabla ya ya pili. Aya hiyo ya pili yawaambia wanawake wasipige miguu chini kwa makusudi ili mapambo waliyoyaficha yajulikane. Makusudi ndiyo yanayokatazwa. Mwanamke abebaye debe la maji kichwani na mtoto mgongoni, mwili wake hutikisika tu, wala hapana wa kumlaumu.

Kadhalika katika Sura Ahzab wake wa Mtume waliagizwa wasilegeze maneno, mwenye maradhi moyoni asije akatamani (33:33). Wako wanaodhani kwamba maana yake ni mwanamke anong'one, au anyamaze kabisa mbele ya wanaume. La hasha! Aya hiyohiyo yawaagiza waseme, tena waseme maneno mema. Kinachokatazwa ni ile sauti ya kubembeleza ambayo kila mtu mzima huijua aisikiapo.

Lakini kama mnataka kuona picha kamili ya mwanamke mwenye haya, nendeni Madiani katika Sura Kasas (28:24-27). Mabinti wawili wamesimama mbali na kisima wakizuia wanyama wao, kwa sababu wachungaji wanaume wamejaa pale. Musa (a.s.), mgeni asiyejulikana, awauliza wana shida gani. Hawakukimbia, wala hawakucheka-cheka. Walimjibu kwa maneno machache yaliyotosha: hawanyweshi mpaka wachungaji waondoke, na baba yao ni mzee sana. Musa akawanyweshea. Baadaye mmoja wao alimjia, na Kurani yataja kwa makusudi kwamba alikuja akitembea kwa haya. Alipofika alitaja aliyemtuma na sababu ya kutumwa: baba yake amwita amlipe kwa kunywesha. Kisha, nyumbani, mmoja wa mabinti hao alimshauri baba yake amwajiri mtu huyu, kwa kuwa ana nguvu na ni mwaminifu. Basi haya haikumzuia binti kuchunga, wala kusema na mgeni, wala kupima tabia ya mwanamume na kutoa shauri ambalo baba yake alilikubali. Wafugaji wa bonde la Rukwa hawahitaji kuelezwa kisa hiki kwa urefu. Wanakijua kisima, na wanajua nani hunywesha kwanza.

Kuhusu mavazi tutasema kidogo tu, kwani yameandikwa mara nyingi. Ndugu zetu Wakristo wasione kujifunika kuwa ni jambo geni. Katika Mwanzo 24 Rebeka alipomwona Isaka alishuka juu ya ngamia akajifunika, na Paulo katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 11, amemtaka mwanamke asali akiwa amefunika kichwa. (Na baridi ya Juni na Julai katika Ufipa huwafundisha kujitanda hata wasiosoma kitabu chochote.) Wala pardah si kifungo. Aya yenyewe imeacha nje kile kisichoweza kufichika, na mwanamke anayelima yale matuta ya duara ya Kifipa, yafunikayo majani yaoze yawe mbolea, hawezi kupimwa kwa kipimo cha aketiye sebuleni mjini.

Wazee wa Ufipa wana masimulizi mashuhuri kuhusu mkao. Mtawala wa Milanzi alipokuwa ameenda kuwinda, walikuja wanawake watatu wageni. Alikuwa amemwonya mkewe asimpe mtu kigoda chake. Mke akakitoa, na mumewe aliporudi alimkuta mwanamke mgeni amekikalia, na utawala wa nchi ukawa umekwisha kumponyoka. Ndivyo wanavyoeleza jinsi ukoo wa Watwa ulivyopata kutawala, na Milanzi ikabakiwa na heshima yake ya kale. Katika kisa hicho, mwanamke akikikalia kiti cha mwanamume, mwanamume amepotewa na kila kitu. Na wengi bado huwaza hivyo, hata wasiokijua kisa chenyewe.

Sasa sikilizeni habari ya Madina. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kwamba hakumwona mtu aliyefanana zaidi na Mtume (s.a.w.) kwa mwenendo na usemi kuliko Bibi Fatima (r.a.), hata mwendo wake wa miguu ulikuwa kama mwendo wa baba yake. Watu walimtambua Mtume katika hatua za mwanamke! Fatima alipoingia, Mtume, ambaye wakuu wa makabila ya Bara Arabu walikuja kuketi mbele yake, aliinuka, akamlaki, akamshika mkono, akambusu, na akamketisha mahali pake mwenyewe. Na Mtume alipokwenda nyumbani kwa Fatima, Fatima naye aliinuka, akamshika mkono, akambusu, akamketisha pale alipokuwa ameketi yeye.