Chumvi ya Ivuna na Swali la Muungano

Chumvi iliyochemshwa tangu kale huko Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, katika bonde lililo chini ya nyanda za juu za Ufipa, ni kloridi ya sodiamu, yaani muungano wa sodiamu, metali laini inayoweza kulipuka ikikutana na maji, na klorini, gesi yenye sumu, nao mlaji wa mji wa Sumbawanga hukolezea mboga bila madhara. Je, metali hiyo bado imo ndani ya chumvi, au imekoma kuwapo? Mwanafalsafa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alishikilia kwamba katika mchanganyiko maumbile ya viambato hubaki kamili na sifa zake tu hupungua, ilhali mwanafalsafa Ibn Rushd alidai kwamba maumbile yenyewe hudhoofika. Kemia yaelekea kumpa haki Ibn Sina, japo si yote: atomu ya sodiamu hupoteza elektroni moja tu, kiini chake kisibadilike, na chumvi ikiyeyushwa kwa joto la nyuzi 801 za Selsiasi, kisha ikapitishwa umeme, metali hurudi, lakini kinachorudi hivyo kilikuwapo kwa uwezekano tu, kama Aristotle alivyofundisha, na kuwapo kwa uwezekano bado kunahitaji kuelezwa.