Ngojeni Apite

Mpiga picha za majengo hujifunza kungoja kabla hajajifunza jambo jingine lolote. Hungoja wingu lisogee, gari lipinde kona, na zaidi ya yote hungoja watu wapite, ili jengo libaki peke yake na mistari yake. Wenyewe huiita kazi hiyo kusafisha picha. Neno hilo limenikaa rohoni, kwa kuwa hakisafishwi kitu ila kimeingiwa na uchafu, na uchafu wenyewe hapa ni binadamu.

Januari iliyopita niliungana na kikundi cha wapenda picha katika matembezi ya nusu siku mjini Salem, jimbo la Massachusetts. Theluji ya siku mbili ilikuwa imelala juu ya njia za matofali. Majira ya baridi yana fadhila zake kwa kazi hii. Miti ya Chestnut Street imepukutisha majani, basi nyumba huonekana tangu msingi hadi dohani. Jua halipandi, hata saa sita mchana hutupa vivuli virefu vinavyochora kila nakshi ya mlango. Weupe wa theluji huidanganya kamera ikautoa rangi ya kijivu, na mpigaji hana budi kuilazimisha ipokee mwanga zaidi. Betri nazo hufa upesi kwa baridi, tukawa tunazifukata kifuani kama mayai.

Kiongozi wetu, mtu mpole na fundi hodari, alitusimamisha mbele ya nyumba ya matofali mekundu, orofa tatu, yenye nguzo nyeupe mlangoni. Mbele yake alikuwapo mwanamume akiondoa theluji kwa beleshi. "Ngojeni apite," akasema kiongozi. Lakini yule bwana hakuwa mpita njia. Alikuwa kazini. Tulingoja karibu dakika 20, vidole vikifa ganzi, hadi alipozunguka nyuma ya nyumba, ndipo kamera zote zikalia kwa pamoja. Kilichozipendeza picha zile kupita vyote ni njia nyembamba nyekundu iliyokata weupe kuelekea mlangoni, nayo ilikuwa kazi ya mikono yake.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kutembea Salem kama mgeni kamili. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo huko Unguja, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem. Meli za mji huu zilipeleka kwetu vitambaa vya pamba kutoka viwanda vya Massachusetts. Ndiyo asili ya merikani, neno ambalo bibi zetu walilitamka bila kuifikiria nchi yoyote. Zilirudi na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Ifuate bidhaa yoyote kati ya hizo hadi mwanzo wake, utamkuta mtu asiyekuwamo pichani. Pamba ya kitambaa kile ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Pembe zilifika pwani mabegani mwa wapagazi, wengine wa ujira, wengine watumwa. Sandarusi ilifukuliwa katika udongo wa Mrima, ikavushwa bahari, ikageuzwa vanishi ya kung'arisha samani za watu ambao mchimbaji hakuwajua wala wao hawakumjua.

Sidai kwamba nyumba ile ya nguzo nyeupe ilijengwa kwa fedha ya Unguja. Salem ilikwisha kutajirika kwa chai ya Uchina na pilipili manga ya Sumatra, na nyumba nyingi za mtaa ule ni kongwe kuliko mkataba wenyewe. Ninalodai ni dogo zaidi: jicho lililozoea kungoja watu wapite halitaiuliza nyumba hiyo swali lolote.

Yupo atakayenijibu kwamba picha ya jengo ni picha ya jengo, na kwamba kila picha ni uteuzi. Asiyetaka kuacha kitu nje asinunue kamera. Hoja hiyo ina uzito. Tena upigaji picha ulizaliwa ukifuta watu. Mwaka 1838 Louis Daguerre alielekeza kamera yake kutoka dirishani kwenye barabara ya Boulevard du Temple, Paris. Barabara ilikuwa na shughuli, lakini bamba lake lilihitaji dakika kadhaa kupokea mwanga, na wote waliokuwa wakitembea wakayeyuka. Alionekana mtu mmoja aliyesimama akisuguliwa viatu. Msugua viatu naye yumo, ila kama ukungu, kwa sababu mikono yake haikutulia. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi darasani na sijaweza kuilaumu. Chombo kile kilifuta kwa kuwa hakikujua namna nyingine. Kamera zetu humnasa ndege akiwa angani, nasi bado tunafuta, na siku hizi zipo programu za simu zinazomwondoa mtu kwa mguso wa kidole.

Basi tuwaache wote waingie? Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Iko desturi ya pili, ya kumweka mtu pichani awe kipimo cha urefu wa ukuta, au pambo. Katika Mji Mkongwe wa Unguja picha ya mlango wa nakshi huonekana pungufu mpaka bibi mwenye buibui apite mbele yake, na bibi huyo akasafiri ulimwenguni juu ya postikadi asiyopata kuiona. Aliyefutwa na aliyefanywa pambo ni ndugu: wote wawili hawakuulizwa.

Wenzangu walipohamia nyumba ya pili nilizunguka nyuma nikamwamkia yule bwana wa beleshi, nikamwuliza kama angeniruhusu nimpige picha akiwa kazini. Alicheka, akakataa. Akaongeza kwamba nikitaka niipige njia, maana ameinyoosha vizuri. Nikarudi nikaipiga. Picha yangu haina mtu, na ukiiweka kando ya zile za wenzangu hutaona tofauti. Chini yake nimeandika kwamba njia ilisafishwa asubuhi ile na mtu ambaye hakutaka kupigwa picha. Rafiki mmoja aliniambia maneno hayo yanaiharibu. Huenda ni kweli. Nimeyaacha.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na mafundi wawili wakafa. Sisi tulio mbali tulitumiana picha za jumba hilo lilivyokuwa: nguzo, roshani, mnara wa saa, bahari mbele yake. Nilizitazama zile zilizonifikia, moja baada ya nyingine. Zilikuwa nzuri sana, na hapakuwa na mtu hata mmoja.